Kuomba saini kwa barua ukiwa Uganda bila kumalizia pesa kwenye stempu: mwongozo kamili

Kijana mmoja wa hapa Arua aliniletea daftari lake. Alikuwa ametuma barua 11 London, Manchester na Munich kuwaomba wachezaji saini, na hakupata jibu hata moja. Nikamwambia anioneshe bahasha ya kurudi anayoweka ndani. Akatoa moja, safi kabisa: jina lake, sanduku la posta la shule, na pembeni stempu mbili za Uganda zilizobandikwa kwa ustadi.

Hapo ndipo pesa yake ilipozikwa. Stempu ya Uganda hulipia barua inayoanzia safari Uganda, basi. Ikifika London ni picha tu. Anayeipokea bahasha ile inabidi atoe pesa yake mfukoni ili akujibu, na wengi hawatoi. Simcheki kijana. Mimi mwenyewe nilituma saba za namna hiyo kabla mtu hajanifungua macho.

Kosa la pili nililoliona kwenye bahasha zake ni uzito. Alikuwa anaweka kipande cha boksi ili picha isikunjike, na kwa ajili ya kile kipande analipia daraja la juu kila mara. Mengine yote tutakayoyataja ni madogo ukiyalinganisha na hayo mawili: safari ya kurudi, na gramu zinazovuka 20.

## Vya kuwa navyo mezani

Kusanya kwanza, usianze kuandika huku unatafuta gundi.

- Bahasha nyeupe ndogo za saizi ya C6, yaani sentimita 11.4 kwa 16.2. Kwa kila barua unahitaji mbili. Achana na za kaki, ni nzito.
- Picha ya sentimita 10 kwa 15, au kadi tupu nyeupe ya sentimita 7.5 kwa 12.5.
- Karatasi za A4 za gramu 80. Ni zile za kawaida za fotokopi. Uzito umeandikwa kwenye ganda la rimu.
- Karatasi moja ya manila.
- Rula ya sentimita 30, penseli ya duara na selotepu. Hivi ndivyo vitakuwa mizani yako.
- Kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Mvua ya Arua haina huruma na mfuko wa mwenye boda.
- Daftari.
- Anwani ya sanduku la posta ambalo mwenyewe anakujua. Nitalirudia hili.

Picha ukitaka nyingi kwa bei ya chini, mtu anayeshuka Kampala anaweza kukuchapishia Nasser Road kisha akazipakia kwenye basi pale Arua Park, huko huko Kampala. Moja moja, studio yoyote ya mjini itakufaa.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba barua inahitajika

Stempu nafuu kuliko zote ni ile ambayo hukuinunua. Kabla ya kugusa bahasha, fungua tovuti ya klabu au ya msanii uone sehemu ya maswali ya mashabiki. Klabu nyingine zina fomu ya kuombea kadi za saini. Nyingine zinasema wazi kwamba hazishughulikii maombi ya posta. Wapo wanaotaka bahasha ya kurudi iliyolipiwa, na hao wameshakupa jibu la Hatua ya 2. Ujumbe mmoja wa barua pepe unaweza kukuokolea miezi.

Familia ya kifalme ya Uingereza, kwa mfano, kwa desturi haitoi saini. Ukiandika Buckingham Palace unaweza kupata barua ya shukrani kutoka kwa wasaidizi, nayo ni ukumbusho mzuri, ila usitume picha ukitegemea irudi na saini.

Kisha tazama nyumbani. Kwa mchezaji wa Onduparaka, klabu ya hapa Arua, huhitaji stempu: panda boda hadi uwanja wa Green Light siku ya mechi, subiri mlangoni na kalamu. Kwa Joshua Cheptegei, aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024, au Peruth Chemutai, aliyechukua ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Tokyo, pitia shirikisho lao la riadha. Wa timu ya taifa ya mpira, pitia FUFA House, ofisi za shirikisho la mpira, kule Mengo. Barua hizi ni za ndani ya nchi, na hapa ndipo stempu ya Uganda kwenye bahasha ya kurudi inapofanya kazi yake sawasawa. Mimi humwambia kila anayeanza apeleke tatu za ndani kwanza. Kukosea ndani ya nchi ni rahisi, kukosea Munich ni ghali.

Umemaliza hatua hii ukiwa na orodha fupi ya majina, na mbele ya kila jina umeandika: fomu, mkono kwa mkono, barua ya ndani, au barua ya nje.

## Hatua ya 2: Lipia safari ya kurudi kabla hujaandika neno

Watu huacha hili mwisho. Lianze. Njia yako ya kurudi ndiyo itakayokwambia nani umwandikie kwanza, kwa sababu stempu za Marekani ulizo nazo hazitakusaidia Ujerumani.

Stempu za nchi ya anayejibu. Hii ndiyo njia ninayoipenda. Marekani kuna stempu iitwayo Global Forever. Haijaandikwa bei, na moja inatosha barua ya kawaida ya aunsi 1, takriban gramu 28, kwenda nchi yoyote duniani. Uzuri wake ni kwamba bei ikipanda, ile uliyoinunua zamani bado inafanya kazi. Mwenye ndugu Marekani amwombe aje na karatasi moja ya stempu hizi anaporudi kwa Idi au Krismasi. Usizichanganye na Forever za kawaida. Hizo ni za ndani ya Marekani, na kuzitumia kuleta barua Uganda itabidi ubandike zaidi ya moja, zikijumlishwa kwa bei ya sasa ya barua ya ndani mpaka zifikie ada ya nje.

Uingereza mambo yalibadilika mwaka 2023. Stempu zao za kila siku zenye kichwa cha malkia na zisizo na msimbo wa vidoti wa kuskani pembeni hazikubaliki tena. Mjomba akikuletea stempu alizozisahau kwenye droo tangu 2015, zitazame kwanza. Zile za picha za matukio maalumu, zisizo na msimbo, bado ni halali.

Ujerumani wamerahisisha. Posta yao, Deutsche Post, inauza mtandaoni stempu ya kuchapa mwenyewe iitwayo Internetmarke. Unalipa, unapata faili, unaichapa na kuibandika kwenye bahasha ya kurudi. Mwaka 2025 barua ya gramu 20 kutoka Ujerumani kwenda nje ya nchi ilikuwa yuro 1.25. Na Ujerumani ndiyo nchi ya kuanzia kwa mpenda mpira, maana klabu za Bundesliga huchapisha kadi za wachezaji mahsusi kwa ajili ya saini. Ziko nyepesi, ziko saizi ya bahasha, na kuziomba ni jambo la kawaida kabisa kwao.

Tahadhari: malipo ya posta ya mtandaoni yenye tarehe ya kutumwa hayafai. Barua yako itakaa kwenye rundo wiki nyingi, na tarehe itakuwa imepita zamani.

Shangazi wa ng'ambo. Ikiwa una mtu wa kwenu London, Boston au Toronto, bahasha ya kurudi iandikwe anwani yake, na ibandikwe stempu ya ndani ya nchi hiyo, ambayo ni rahisi kuliko ya kuja Afrika. Saini zinarundikana kwake, na msafiri wa kwanza anazileta zote ndani ya kitabu. Mtu mmoja hapa mjini alipokea picha tisa kwa mkupuo mmoja hivyo. Omba ruhusa kwanza, na uandike jina lako kwa penseli ndani ya mdomo wa bahasha, shangazi asije akadhani barua ni yake. Kasoro yake ni uvumilivu: msafiri anaweza kuchelewa kuliko posta yenyewe.

Kuponi ya kimataifa ya majibu. Ni karatasi rasmi ya Umoja wa Posta Duniani. Anayeipokea anaipeleka posta ya kwao na kupewa stempu za barua moja ya kawaida kwenda nchi ya nje. Nchi si lazima ziiuze. Uingereza iliacha kuiuza mwishoni mwa 2011, Marekani mwaka 2013. Lakini kila nchi mwanachama inapaswa kuibadilisha ikiletwa. Kwa hiyo uliza dirishani kama ipo, na usome tarehe ya mwisho iliyochapishwa juu yake kabla ya kulipa. Maoni yangu: kuponi inafaa kwa mwanariadha mstaafu au mwandishi anayefungua barua zake mwenyewe na ana muda wa kutembea hadi posta. Ofisi ya klabu kubwa inayopokea magunia ya barua haitamtuma mtu akapange foleni kwa ajili yako.

Bila chochote. Klabu nyingine hujibu kwa gharama yao. Huko usiweke bahasha ya kurudi. Weka kipande cha karatasi chenye anwani yako iliyochapwa, wakibandike tu. Umeokoa gramu 4 na stempu nzima. Lakini fanya hivi pale tu Hatua ya 1 ilipokuthibitishia.

Na kama huna ndugu popote? Kaeni watu watano, mchange, mnunue karatasi moja ya stempu kupitia rafiki wa mmoja wenu, mgawane. Tunachangia harusi, hatuwezi kushindwa stempu.

Umefaulu ukiwa umeshika mkononi stempu halisi ya kurudia, na unajua inabeba gramu ngapi.

## Hatua ya 3: Tengeneza mizani ya rula

Ada za barua za kimataifa hupanda kwa ngazi, na mara nyingi ngazi ya kwanza ni gramu 20. Barua ya gramu 21 hailipi gramu moja ya ziada. Inalipa ngazi nzima inayofuata. Mizani ya jikoni nyingi haziaminiki kwenye gramu chache hivi. Ya rula inaaminika, kwa sababu hesabu yake ni ya karatasi.

Karatasi ya A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita mraba. Ikiwa ni ya gramu 80 kwa mita mraba, karatasi moja ina gramu 5 kamili. Karatasi nne ni gramu 20. Hilo ndilo jiwe lako la mizani.

Bandika penseli ya duara mezani kwa selotepu isizunguke. Weka rula juu yake, alama ya 15 ikae juu ya penseli, uisogeze mpaka ilale sawa ikiwa tupu. Kunja karatasi nne ziwe kipande kidogo, uziweke katikati yake ikiwa juu ya alama ya 5. Bahasha yako, ikiwa na kila kitu ndani, iweke kwa upana, katikati yake ikiwa juu ya alama ya 25.

Upande wa karatasi ukishuka, uko chini ya gramu 20. Upande wa bahasha ukishuka, punguza.

Mimi sitaki kufika 20 kamili. Karatasi hunywa unyevu, na mwezi wa mvua bahasha iliyolala kwenye mfuko wa plastiki huongezeka. Kwa hiyo natumia karatasi tatu na nusu, yaani gramu 17.5. Rula ikisimama sawa hapo, nalala usingizi.

Hili nilijifunza dirishani. Nilimpa karani bahasha nikiwa na pesa kamili mkononi. Akaiweka kwenye mizani, akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, hii imezidi."

"Imezidi ngapi?"

"Gramu tatu."

Gramu tatu zilikuwa kipande cha boksi la sabuni. Nilirudi nyumbani nayo, nikaifungua kwa mvuke wa birika.

## Hatua ya 4: Panga ndani ya bahasha

Huu ndio mpangilio wangu, na uzito wa kila kitu kwa makadirio:

1. Bahasha ya nje, C6: gramu 4.
2. Bahasha ya kurudi, C6, imekunjwa mara moja katikati: gramu 4.
3. Barua ya nusu karatasi, A5: gramu 2.5.
4. Picha ya 10 kwa 15 kwenye karatasi nene ya gramu 250: karibu gramu 4.
5. Kipande cha manila saizi ya picha, cha kuizuia isipinde: gramu 3.

Jumla gramu 17.5, stempu na gundi hazifiki hata moja. Kwa nini manila na si boksi? Boksi ni zito na linafanya bahasha iwe ngumu na nene. Uingereza barua ya kawaida haitakiwi kuzidi unene wa milimita 5, na Marekani bahasha isiyopinda hutozwa ziada kwa sababu mashine haiwezi kuimeza. Kumbuka kwamba manila hiyo hiyo ndiyo itakayorudi na picha, kwa hiyo unene wake unauhesabu mara mbili.

Bahasha ya kurudi ikunjwe, picha isikunjwe. Wapo wanaokunja picha ili itoshe kwenye bahasha, kisha wanalalamika kwamba saini imepasuka katikati.

C6 sikuichagua kwa mapenzi tu. Inapita kwenye kipimo cha barua ya kawaida cha Uingereza (sentimita 16.5 kwa 24), cha Ujerumani (12.5 kwa 23.5), na cha Marekani pia. Picha kubwa ya 20 kwa 25 inataka bahasha kubwa, na bahasha kubwa ni daraja jingine la ada, kwenda na kurudi. Kama moyo unataka picha kubwa, ingoje siku utakapokutana naye uwanjani Namboole.

Ukitaka kubana zaidi, acha picha na manila, tuma kadi mbili tupu za sentimita 7.5 kwa 12.5. Kila moja ina karibu gramu 2, na zikilala pamoja zinalindana. Bahasha nzima inashuka hadi gramu 14 hivi. Mkusanyaji mzoefu huipenda kadi, maana baadaye anaiweka chini ya picha yoyote ndani ya fremu. Ubaya ni kwamba mtu maarufu anaweza kukataa kadi tupu, akihofia itatumika vibaya.

Kadi za wachezaji wawili wa timu moja zinaweza kwenda kwenye bahasha moja. Watatu au zaidi sikushauri. Inaanza kuonekana biashara.

Usiweke kamwe: jezi, skafu, bangili ya shanga, sarafu, noti. Kitu chochote kisicho karatasi huifanya barua kuwa kifurushi, na kifurushi kina fomu ya forodha ya CN 22 na ada yake. Noti ya dola ya "kununulia stempu" ndiyo mbaya kuliko zote: inaonekana kwenye mwanga, na bahasha inaishia njiani.

## Hatua ya 5: Barua iwe nusu ukurasa

Barua ndefu ina uzito mara mbili: wa gramu na wa kusomwa. Nusu ukurasa yatosha, kwa mkono, kwa Kiingereza kama unaandika Ulaya au Marekani. Mpangilio ni huu: wewe ni nani na uko wapi, jambo moja mahususi unalolikumbuka kumhusu, ombi lako kwa sentensi moja, shukrani.

Jambo mahususi ndilo linalobeba barua. "Nakupenda sana" anaisoma mara elfu. Lakini ukimwambia kwamba mlitazama mechi ile mkiwa watu sitini mbele ya televisheni moja kwenye kibanda cha mabati, umeme ukakatika dakika ya 88 na bao mkalisikia redioni, hiyo haijaandikwa na mtu wa Leeds.

Usiombe jezi, usiombe karo. Omba saini.

## Hatua ya 6: Anwani mbili, bila kubahatisha

Kwenye bahasha ya nje, nchi iwe mstari wa mwisho, kwa Kiingereza na herufi kubwa: UNITED KINGDOM, GERMANY, USA. Msimbo wa posta wa kwao usiusahau. Bila huo barua hupangwa kwa mkono na huchelewa. Tumia anwani ya klabu, ukumbi wa maonesho au wakala. Anwani ya nyumbani kwa mtu usiitumie hata ukipewa.

Nyuma ya bahasha hiyo andika anwani yako. Wengi huiacha. Faida yake utaiona Hatua ya 9.

Bahasha ya kurudi, kama inakuja huku moja kwa moja, iwe hivi: jina lako, mstari wa "c/o" (yaani kupitia kwa) na jina la shule, msikiti, kanisa au ofisi yenye sanduku, kisha P.O. Box na namba, mji, na UGANDA peke yake chini, ikipigiwa mstari. Huku kwetu barua haipelekwi mlangoni, inaingia sandukuni. Kwa hiyo mwenye sanduku lazima akujue kwa jina lile lile uliloandika. Nimeona barua kutoka Ujerumani imelala miezi minne kwenye kabati la shule kwa sababu bahasha iliandikwa jina la ubatizo, na pale shuleni kijana anajulikana kwa jina la babu yake. Nenda kwa msimamizi, msalimie, mwandikie majina yako yote kwenye karatasi, umwachie. Hakuna gharama.

Mkitaka kukodi sanduku lenu wenyewe, changeni watu kadhaa, mgawane gharama.

## Hatua ya 7: Dirishani

Nenda asubuhi. Usigundishe bahasha kabla karani hajaipima. Ikizidi, unatoa kadi moja hapo hapo. Uliza ada ya barua ya kawaida ya ndege kwa nchi unayotuma, kwa kuwa ada hutofautiana kwa eneo.

Ukiulizwa kama unataka rejesta, sema hapana. Rejesta huongeza ada, na upande wa pili inahitaji mtu atie sahihi kuipokea. Mchezaji hasimami mlangoni kumngoja mpeleka barua. EMS, yaani posta ya haraka, vilevile: ni huduma nzuri kwa hati ya kiwanja, si kwa picha.

Usijaribu kupunguza stempu ukitumaini haitaonekana. Barua isiyolipiwa kikamilifu inaweza kugongwa mhuri wenye herufi T, na anayeipokea anadaiwa tofauti. Fikiria: unamwomba mtu zawadi, na unamletea deni.

Umefaulu ukitoka na stempu zimegongwa mhuri mbele yako, na bahasha imebandikwa kile kibandiko cha buluu cha PAR AVION.

## Hatua ya 8: Daftari

Mistari mitano kwa kila barua: tarehe, jina, anwani uliyotumia, ulichoweka ndani, jumla ya pesa kwenda na kurudi. Usitume barua ya pili kwa mtu yule yule kabla ya miezi sita. Baada ya barua kumi hivi daftari litakuonesha ni nchi gani inakujibu, na hapo ndipo stempu zako zilizobaki zielekee.

## Hatua ya 9: Bahasha ikirudi

Ikirudi na picha, itazame kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuita majirani. Saini iliyochapwa kiwandani mara nyingi huonesha vidoti vidogo vya rangi. Ya kalamu ina mstari mmoja uliokolea, na ukiinamisha picha kwenye mwanga wino unang'aa tofauti na karatasi. Klabu nyingi hutuma zilizochapwa. Si utapeli, ni kadi ya shukrani, lakini daftarini iandike hivyo.

Ikirudi bila kufunguliwa, na mhuri wa kwamba mhusika amehama au hajulikani, watu wengi huitupa kwa hasira. Subiri. Imerudi kwa sababu uliandika anwani yako nyuma, na ndani yake mna picha safi, manila, na bahasha ya kurudi yenye stempu ya kigeni ambayo haijagongwa mhuri. Stempu hiyo bado ni nzima. Kata pembe ya bahasha yenye stempu, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kama gundi yake ni ya kulamba. Kama ni ya kujinata, usihangaike kuibandua, tumia bahasha yenyewe tena.

Yule kijana wa barua 11 amerudishiwa mbili mpaka sasa. Stempu zilizomo ni za Uganda, kwa hiyo amezihamishia kwenye bahasha mbili za kwenda FUFA House.